Nani Aliua Sabufa ya Kituo?

Jumamosi moja jioni sabufa ya kituo chetu cha vijana ilinyamaza katikati ya wimbo. Taa yake nyekundu ikazima, ikabaki harufu kama ya rangi iliyoungua. Watoto walipiga kelele, halafu wakanyamaza na wao. Kabla hata jenereta haijazimwa, mkosaji alikuwa ameshapatikana: kijana wa miaka 16 ambaye huwa anapanga nyimbo. Watu wazima watatu walisema walimwona kwa macho yao akizungusha kitufe cha besi mpaka mwisho. Kamati ikakaa Jumatatu, ikaamua familia yake ilipe shilingi 80,000, kidogo kidogo. Kwa mtu wa nje hiyo si pesa ya kutisha. Kwa mama anayelea watoto watano kwa mgao wa chakula na kufulia watu nguo, hiyo ni mwaka mzima.

Jioni ile mama yake alikuja kwangu na shilingi 20,000 amezifunga kwenye pembe ya kitenge. Akasema, "Mwanangu, wapelekee hizi kwanza, wasimfukuze mtoto." Nikazipeleka, maana mimi ndiye mhamasishaji wa vijana pale na ndiyo kazi yangu kusimama katikati. Ila niliomba kitu kimoja: nipewe ile sabufa niende nayo nyumbani siku chache, niifungue.

Mwenyekiti akacheka. "Utaona nini humo? Imeungua."

Nikamwambia, "Papa, hata maiti hufunguliwa ijulikane amekufa na nini."

Sasa, makala hii ni ya historia, msije mkadhani nimekosea ukurasa. Nilifungua sanduku nikitafuta kosa la mtoto mmoja, na kila kipande nilichokiinua kilikuwa na mwaka wake, na mtu wake, na sababu iliyofanya kiwe hivyo kilivyo. Bila kuyajua hayo nisingejua nani aliua sabufa.

Mimi si fundi wa kusomea. Nilimaliza sekondari humu humu kambini, na pasi ya risasi nilifundishwa na mzee mmoja wa mtaa wetu ambaye wote tunamwita Papa Fundi. Yeye alikuwa akitengeneza redio Uvira kabla ya vita. Mwaka 1996, mwaka ule ule Nyarugusu ilipofunguliwa kwa ajili yetu tuliotoka Kongo, alivuka ziwa na pasi yake imefungwa ndani ya shuka. Ana kanuni moja anayoirudia mpaka unachoka: kwanza pua, halafu macho, halafu mita, pasi mwisho kabisa. Watu wengi wanaanzia kwenye pasi, ndiyo maana mtaani kuna sabufa nyingi zilizokufa mara mbili.

Basi nikaanza na pua. Harufu ilitoka nyuma, upande wa umeme unapoingia. Nikafungua misumari sita ya mgongoni.

Boksi la sabufa hii, ambalo bado tunaweka daftari ndani yake, limeandikwa wati 8,000. Ndani nilikuta transfoma ya ukubwa wa ngumi ya mtoto, bodi moja ya kahawia, na vidude vitatu vyeusi vyenye miguu mitano mitano, vimefungwa kwenye bati la kupoozea. Kila kimoja kimeandikwa TDA2030. Hicho ndicho kikuza sauti chenyewe, aisii kama mafundi wanavyosema. Karatasi ya kiwanda kilichoibuni inasema kimoja kinatoa wati 14 hivi kikiwa kwenye spika ya omu 4. Vitatu, tuseme vyote vikifanya kazi mpaka mwisho, havifiki hata 50. Zile 8,000 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye karatasi ya boksi. Wenyewe wanaziita PMPO, na hakuna kipimo kinachokubalika duniani kinachosema zihesabiwe vipi. Ujanja huo si wa leo. Marekani uongo wa wati ulizidi kiasi kwamba mwaka 1974 serikali yao, kupitia tume inayosimamia biashara, ilitoa kanuni: ukitangaza wati za amplifaya ya nyumbani, taja zile inazoweza kutoa mfululizo, siyo za kufumba na kufumbua. Kanuni hiyo ni ya kwao. Haikuvuka bahari.

Nilitaja jambo hili mapema kwa sababu linamhusu kijana wetu. Mtu akiamini ana wati 8,000 haoni ubaya kuzungusha kitufe. Si yeye aliyeandika boksi.

Halafu macho. Pembeni mwa bati la kupoozea, karibu kabisa, limeligusa, kuna makopo mawili madogo ya kapasita. Moja kichwa chake kilikuwa bapa kama kinavyotakiwa. La pili lilikuwa limevimba juu kama mkate, na alama yake ya msalaba imepasuka, imetoa ute wa kahawia. Nikaandika daftarini.

Halafu mita. Nilipima fyuzi bila kuitoa kwenye kishikio chake, mita ikalia pii. Nikaandika: fyuzi nzima. Mstari huo nitaurudia, na sitaupenda.

Nikapima transfoma upande wa umeme mkubwa. Kimya. Waya wake umekatika humo ndani, au ndivyo inavyoonekana. Mtu wa haraka angesema transfoma imekufa, tafuta nyingine. Papa Fundi alikuja kuangalia akasema subiri, chana gundi ya karatasi taratibu. Chini ya gundi, imelazwa juu ya waya wa shaba, kulikuwa na kidude kidogo kama punje ya mpunga yenye miguu. Ni fyuzi ya joto. Hii haijali ampea zinazopita kama fyuzi ya kawaida. Inasubiri joto, na joto likifika kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake, yangu ilikuwa nyuzi 130, inakata na hairudi tena. Kumbe transfoma ilikuwa imejiokoa yenyewe. Na labda imetuokoa na sisi, maana kituo ni mbao na turubai.

Kwa wasiojua, transfoma ni koili mbili za waya juu ya chuma kimoja; umeme wa jenereta unaingia ukiwa volti 230 na kutoka ukiwa 12 mara mbili. Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba koili moja inaweza kuamsha umeme katika koili nyingine bila kugusana, na mwaka 1885 wahandisi watatu wa kiwanda cha Ganz huko Budapest wakatengeneza umbo la kazi tunalolitumia mpaka leo. Tangu hapo haijabadilika sana. Ni kipande kigumu kuliko vyote humo ndani, ukiona kimepata joto la nyuzi 130 ujue kuna kitu kingine kilikuwa kinakinyonya.

Nilichukua fyuzi ya joto kwenye transfoma iliyokufa ya Papa Fundi, ya nyuzi zile zile 130. Ndugu msomaji, usiunganishe waya mahali pake. Unapoichomea, ishike mguu na koleo ili koleo linywe joto, la sivyo inakata mikononi mwako, na mimi ya kwanza ilinikatikia hivyo hivyo.

Hatukuwasha moja kwa moja. Kuna mtego wa zamani wa mafundi redio: unaweka balbu ya kizamani, ile yenye waya unaowaka, ya wati 60, katikati ya umeme na kifaa. Kama kifaa kina shoti, balbu inawaka kwa nguvu na kifaa hakidhuriki. Kama ni kizima, inamulika kidogo kisha inafifia. Tuliunganisha kwenye inveta ndogo ya sola nyumbani kwangu. Balbu ikawaka kama ya sebuleni. Shoti ipo. Nikang'oa miguu ya aisii ya besi, tukawasha tena: balbu ikafifia ikabaki nyekundu. Tumempata. Mita ikathibitisha: mguu wa 3 na mguu wa 5, ambako umeme hasi na chanya huingia, vilikuwa vimeshikana ndani ya kile kidude cheusi.

Hapa ndipo watu watatu walioshuhudia wangesema, si tulisema? Besi! Ndiyo maana lazima nieleze kidude hiki kimetoka wapi.

Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest alitengeneza taa ya kioo yenye waya tatu ndani. Mawimbi madogo yakiingia, yanatoka yakiwa makubwa. Hizo ndizo valvu, redio za akina babu zilizokuwa zinachukua dakika kupata moto kabla hazijasema. Papa Fundi anazikumbuka kwa harufu. Desemba 1947, katika maabara za Bell huko Marekani, ikapatikana transista, inayofanya kazi ile ile bila kioo wala moto, na mwaka 1958 na 1959 watu wawili, Jack Kilby na Robert Noyce, kila mmoja kwake, wakapata njia ya kuweka sehemu nyingi za saketi juu ya kipande kimoja. Aisii. TDA2030 yetu ilizaliwa kutoka ukoo huo, katika kampuni ya Italia iliyoitwa SGS-ATES. Watu wanadhani kila kilichomo humo ni cha Kichina. Kimekusanywa China, sawa, lakini mchoro wa moyo wake ni wa Wataliano.

Ila kilichonishika zaidi ni mguu wa 2. Aisii hii ina miguu mitano: mmoja unaingiza sauti, miwili inaleta umeme, mmoja unatoa sauti kwenda kwenye spika. Wa tano, huu wa 2, unaletewa kipande kidogo cha sauti iliyokwisha kutoka. Yaani mashine inasikiliza ilichosema, inalinganisha na ilichoambiwa, inajisahihisha. Aliyewaza hivyo ni mhandisi kijana wa Bell, Harold Black. Alihangaika miaka kadhaa kwa sababu simu za masafa marefu zilipita katika vikuza sauti vingi na kila kimoja kilichafua sauti. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927 alikuwa kwenye feri, anavuka mto Hudson kwenda kazini Manhattan, wazo likamjia, akalichora juu ya ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo mkononi. Watu hawakumwelewa haraka. Aliomba hataza mwaka 1928, akaipata mwaka 1937. Jamani, miaka tisa! Sisi ambao tunajua kusubiri karatasi tunaweza kumhurumia Bwana Black.

Nilimsimulia Papa Fundi, akasema kila mtu anavuka maji na alichonacho.

Basi, aisii hii ina kinga mbili ndani yake, wabunifu waliziweka makusudi. Ikipata joto kupita kiasi inajizima yenyewe. Waya za spika zikigusana, inajibana isitoe umeme mwingi. Kwa hiyo kufungua besi mpaka mwisho, peke yake, kulitakiwa kuifanya inyamaze, ipoe, iendelee. Kuna kitu kimoja tu ambacho haina dawa yake: volti zikizidi 18 kila upande, inakufa. Shika namba hiyo, 18.

Turudi kwenye kapasita zilizovimba, maana mlinguruko ndio ulioanza kabla ya yote. Kwa wiki nyingi sabufa ilikuwa ikinguruma hata sauti ikiwa sifuri, mmm mmm, kama jokofu bovu. Tulizoea. Umeme wa jenereta hubadilika kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Dayodi nne zinaugeuza uende upande mmoja, lakini unatoka ukiwa na mawimbi, matuta 100 kwa sekunde. Kazi ya zile kapasita mbili ni kujaza mabonde kati ya matuta, kama pipa la maji linavyokufanya usione kwamba bomba linatoka kwa kukatika. Pipa likipungua, unayasikia yale matuta 100 kwenye spika. Ndio ule mngurumo. Ukiusikia kwenye kifaa chako na sauti iko sifuri, kifaa kinakuambia kapasita zinakauka, na bado una muda.

Zinakauka kweli, siyo lugha ya picha. Ndani mna karatasi ndefu za alumini zimekunjwa na kulowekwa dawa ya maji maji. Umbo hilo la kukunjwa lilitoka kwa akina Samuel Ruben wa Marekani miaka ya 1920. Dawa ikikauka kapasita imekwisha. Viwanda vinajua, na vinaandika ubavuni nyuzi za joto. Yangu iliandikwa 85. Kapasita za kawaida za namna hii huahidiwa saa 2,000 zikiwa kwenye joto hilo, na kila unaposhusha nyuzi 10, umri unaongezeka mara mbili. Nilipiga hesabu na kijana mwenyewe, kwenye ubao wa kituo. Kapasita iliyobanwa kwenye bati la kupoozea, chini ya paa la bati la kituo, tuseme inaishi kwenye nyuzi 75: saa 4,000. Sisi tunapiga muziki saa tano kwa siku, siku sita kwa wiki. Hiyo ni saa 30 kwa wiki, kama 1,560 kwa mwaka. Gawanya. Miaka miwili na nusu. Sabufa yetu ilikuwa na miaka mitatu. Kama ingewekwa mbali na bati sentimita tano tu, kwenye nyuzi 65, ingeishi zaidi ya miaka mitano. Aliyechora bodi alijibana nafasi, au alibana gharama ya bodi kubwa zaidi, na hukumu ikaandikwa siku hiyo kiwandani.

Na hatuko peke yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kompyuta nyingi duniani zilikufa kwa ugonjwa huu huu, kapasita zikivimba na kupasuka ndani ya mashine mpya, kwa sababu dawa ya ndani ilikuwa mbovu. Makampuni makubwa yaligharamika. Huko walibadilishiwa. Huku tunatafuta mtoto wa kulaumu.

Kabla hamjagusa kapasita yoyote: hata waya ukiwa umechomolewa, hubaki na umeme. Imalize kwa balbu ndogo ya gari, siyo kwa bisibisi. Na chomea mahali penye upepo, moshi wa pasi si mzuri kwa kifua.

Nilimtuma mtu Kasulu akaniletea kapasita mbili mpya za 3,300 kwa volti 25, za nyuzi 105 safari hii. Nikazipa miguu mirefu, nikazilaza mbali na bati. Aisii ya besi nilipewa na Papa Fundi kutoka kwenye mzoga. Kila kitu hakikufika shilingi 8,000. Tuliwasha kupitia balbu, ikafifia vizuri. Kabla ya kuunganisha spika nikapima mguu wa 4 na hasi ya kati, nikaona karibu na sifuri. Hapo ndipo spika hupona au huungua. Ukikuta volti 10 pale usiunganishe.

Nikaunganisha spika.

Kuhusu spika sitasema mengi. Karatasi, koili na sumaku, namna waliyoieleza Rice na Kellogg wa General Electric mwaka 1925, na tundu la ubavuni ambalo watoto hutumbukiza kokoto ni wazo la Albert Thuras wa miaka ya 1930: pumzi ya nyuma ya spika ipitie tundu isaidie ya mbele. Sabufa kubwa zilijulikana sana kupitia sinema ya Earthquake ya mwaka 1974, ambapo kumbi zilifungwa spika kubwa za sauti nzito ili watazamaji wahisi tetemeko mwilini. Wao walilipia. Sisi tuliotoka Fizi na Uvira tunaijua sauti inayotikisa kifua bila tiketi, na kuna mama mmoja hapa mtaani ambaye mpaka leo besi ikianza anatoka nje. Siku hizi tunamwarifu kabla.

Lakini kuna upande mwingine, na huu nimeuona kwa Papa Fundi. Tangu mwaka 1948, Mgiriki Nico Jeronimidis alipofungua lebo ya Ngoma pale Léopoldville, rumba ya kwetu ilikwenda duniani kwa santuri, na sisi wengi tuliisikia kwa redio ndogo za betri. Spika ya redio hizo ni ndogo kama kiganja. Haiwezi kusukuma hewa polepole vya kutosha kutoa sauti nzito. Waya mnene wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Redio ndogo hainakili hiyo, inakupa kivuli chake tu. Kwa hiyo mzee huyu alikuwa amependa nyimbo zile miaka hamsini bila kusikia nusu yake. Nilipoweka moja ya zamani kujaribu sabufa usiku ule, alikaa kimya, kisha akauliza, "Huyo anayetembea chini ni nani?" Nikamwambia ndiye mpiga besi, Papa. Alikuwepo siku zote. Akaniomba nirudie. Tulirudia mara nne mpaka betri ya gari ikalegea.

Sasa ile namba 18. Transfoma yetu inatoa volti 12, na zikipita kwenye dayodi na kapasita huwa kama 16. Chini ya 18, salama, lakini kwa kuponea. Hiyo ni pale jenereta ikitoa 230 sawasawa. Jumamosi iliyofuata nilipeleka mita kituoni, nikapima soketi huku taa na pampu zikiwashwa na kuzimwa. Pampu ilipozimwa ghafla, mita ilipanda mpaka 265. Piga hesabu: volti 16 zinakuwa zaidi ya 18. Kifaa kimejengwa ukingoni mwa korongo na jenereta yetu inakisukuma kila pampu inapozimwa. Naamini aisii ilikufa hivyo, na Jumamosi ile ya msiba pampu ilizimwa saa kumi na moja, kama kila siku. Kijana alikuwa kwenye kitufe. Angekuwa mwingine yeyote.

Lakini aisii kufa ni jambo la sekunde. Kwa nini transfoma iliendelea kupika mpaka nyuzi 130? Fyuzi ilitakiwa kukata hapo hapo. Ndiyo kazi yake. Edison alichukua hataza ya fyuzi mwaka 1890 kwa sababu hiyo hiyo, waya mwembamba ufe kwa niaba ya nyumba. Na daftari langu lilisema: fyuzi nzima.

Nikaitoa kwenye kishikio niisome ampea. Kioo chake kilikuwa cheusi, kimeungua zamani. Juu yake kulikuwa kumezungushwa nyuzi za shaba, nne, zimesokotwa kulia halafu zikakunjwa ncha kwa ndani. Ni mimi huwa nakunja hivyo. Nikakumbuka siku yenyewe: Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni, miaka miwili nyuma, wageni wamekaa, sabufa imekata, fyuzi hakuna, na mimi nikafanya haraka nikapigiwa makofi. Nilisema nitaibadilisha kesho.

Nililala nayo hiyo usiku mmoja. Sitajifanya sikuwaza kuitupa tu ile waya na kuweka fyuzi mpya, nani angejua? Asubuhi nilimwonyesha Papa Fundi. Aliigeuza geuza kidoleni akasema, "Fundi mzuri. Imeshika kuliko fyuzi."

Kamati ilikaa tena Alhamisi. Niliweka mezani kapasita iliyovimba, aisii, namba za jenereta, na ile waya kwenye karatasi nyeupe. Nikaeleza kila kimoja kama nilivyowaeleza hapa, wa mwisho nikaueleza nimesimama. Kijana alikuwa mlangoni. Mzee mmoja alisema hata hivyo besi ilikuwa juu, nikamjibu ni kweli ilikuwa juu. Mjadala ukawa mrefu. Wengine walitaka yaishe. Mwenyekiti ndiye aliyeuliza swali la maana: jenereta inalipwa na nani kutengenezwa? Hilo halijajibiwa. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, mkitugawia kifaa cha umeme, weka ndani ya boksi fyuzi tano na kidude cha kuzuia volti zisipande. Vyote viwili bei yake ni ndogo kuliko bango lenye nembo.

Mwisho waliamua familia isilipe. Zile 20,000 zilikuwa zimeshatumika nusu kununua mafuta ya jenereta. Mama alirudishiwa 10,000 papo hapo, na mimi nikaahidi 10,000 zilizobaki kutoka kwenye posho yangu. Nimeshampa 6,000.

Sabufa imerudi kituoni. Kijana ndiye aliyechomea kapasita ya pili, mkono ukimtetemeka, na risasi yake imekaa kama donge la ugali lakini imeshika. Hasemi sana na mimi siku hizi. Juzi alinijia akauliza, "Yaya, zile fyuzi za ampea moja zinauzwa wapi?" Nikamwambia Kasulu. Akaandika mkononi.